Kometi Yangu Imetoka Kijiti: Nimekosea Wapi?

Swali: "Mtaalamu, salaam. Jana nilitoka nje ya mji kupiga picha ile kometi inayopita. Nina kamera ya DSLR yenye sensa ya APS-C na lenzi iliyokuja nayo, 18–55. Nilisubiri saa moja na nusu baada ya Jua kuzama ili giza liingie sawasawa. Nikavuta lenzi hadi 55, nikaweka f/5.6, ISO 6400, sekunde 30, kamera ikiwa juu ya stendi. Nimeambulia ukungu mfupi wa mshazari juu ya miti, na nyota zote zimekuwa vijiti. Kamera yangu haifai? Ninunue lenzi kubwa zaidi, au darubini? Na simu je, inaweza kusaidia?"

Salaam nawe, ndugu msomaji, na ahsante kwa kuandika namba zote ulizotumia. Wengi hunitumia picha tupu na neno moja, "imegoma", nami nabaki kubahatisha. Kamera yako inafaa kabisa. Usinunue chochote kwanza. Yaliyokuangusha ni mawili, muda ulioacha shata (pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye sensa) wazi na saa uliyoanza kazi, na yote yanarekebishika bila kutoa hata senti.

Tuanze na vijiti. Dunia inajizungusha, kwa hiyo anga lote linaonekana kuhama digrii 15 kwa saa. Ukiigawa digrii moja katika vipande 3,600, nyota inahama vipande 15 kila sekunde. Sasa tazama kamera yako. Sensa ya namna hiyo yenye megapikseli 24 ina pikseli zenye upana wa takriban maikromita 3.9, na nyuma ya lenzi ya mm 55 kila pikseli inaona karibu vipande 15 vya anga. Maana yake, kwa kila sekunde unayoacha shata wazi, nyota inahama pikseli moja hivi. Umeacha sekunde 30, zikahama pikseli 30. Hicho ndicho kijiti chako. Kometi nayo ilivutwa vilevile, kichwa na mkia vikachanganyika, ukapata huo ukungu wa mshazari.

Wapiga picha wa usiku wana kanuni ya 500: chukua 500, gawa kwa urefu wa lenzi baada ya kuuzidisha na kizidishi cha sensa (crop factor), ambacho kwako ni 1.5 hivi. Kwa hiyo 55 mara 1.5 ni kama 82, na 500 kwa 82 inakupa sekunde 6. Mimi naiona kanuni hiyo ina huruma kupita kiasi kwa sensa za leo. Tumia 300 badala ya 500, upate sekunde 3 au 4. Najua unachotaka kusema: sekunde 4 zitakusanya mwanga gani? Zikiwa peke yake, kidogo sana. Ila hutapiga picha moja, utapiga nyingi. Nitarudi hapo.

Lakini hata ungefungua sekunde 4, jana usingepata cha maana, kwa sababu ulichelewa. Kusubiri giza totoro kunamfaa anayepiga Njia ya Maziwa. Anayewinda kometi kunamponza. Kometi nyingi hung'aa zaidi zinapokuwa karibu na Jua, na kilicho karibu na Jua huzama muda mfupi baada yake. Chukua mfano wa kometi iliyo digrii 25 kutoka Jua, imekaa wima juu ya mahali lilipozamia. Karibu na ikweta Jua hushuka takriban wima, digrii 15 kwa saa. Dakika 48 baada ya machweo, Jua liko digrii 12 chini ya upeo wa macho na kometi iko digrii 13 juu yake. Dakika ya 72, ambapo Jua limefika digrii 18 chini na giza limekamilika, kometi imebakiwa na digrii 7. Na ile saa moja na nusu yako? Digrii 2 na nusu. Ulikuwa unaipiga picha inaingia mitini.

Digrii za chini namna hiyo zinakula mwanga. Kitu kilicho digrii 30 juu ya upeo wa macho unakiona kupitia hewa iliyo nene mara 2 ya ile ya utosini. Kikiwa digrii 10, ni karibu mara 6. Kikiwa digrii 5, ni kama mara 10, na humo mna vumbi, moshi, mvuke na taa za kila mji ulio upande ule. Ndiyo maana mtu aliyesimama mahali penye upeo wa macho ulio wazi, ufukweni au juu ya kilima, humshinda mwenye kamera ghali aliyezungukwa na miti. Kwa kometi ya mfano wetu, muda wa kazi ni kuanzia kama dakika 35 hadi 70 baada ya machweo. Kwa wanaoishi mbali na ikweta Jua huzama kwa mshazari, utusitusi unarefuka na hesabu hubadilika. Popote ulipo, fika Jua likiwa bado juu, panga vifaa, na anza kupiga mara tu kometi inapojitokeza kwenye skrini ya kamera, hata kama anga bado lina rangi ya samawati. Kwa macho yangu, picha za dakika hizo za samawati ndizo nzuri kuliko zote: ardhi bado inaonekana na mkia umeshaanza kutokeza.

Kuiona ni kazi nyingine. Usidanganywe na namba ya mng'ao inayotangazwa (ikiwa ndogo, kitu kinang'aa zaidi). Nyota yenye mng'ao wa 4 imeweka mwanga wake wote kwenye nukta moja. Kometi yenye mng'ao wa 4 imeutandaza mwanga uleule, kama sukari ya kikombe iliyomwagwa kwenye ndoo. Kwa hiyo hata kometi inayosemwa "inaonekana kwa macho" huwapita watu wakiwa wanaitazama. Beba darubini ndogo ya macho mawili, ile ya 7×50 au 10×50, na ujue kabla hujatoka itakuwa upande gani na juu kiasi gani. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika takriban digrii 10, kipimo kinachotosha. Programu ya Stellarium ni ya bure na itakuonyesha mahali, ila sasisha kwanza data za njia za kometi ndani yake, maana za zamani zinaweza kukuelekeza pasipo na kitu. Mng'ao nautazama COBS, hazina ya uchunguzi wa kometi inayoendeshwa na kituo cha Crni Vrh cha Slovenia, kwa kuwa wanaoandika pale ni watu walioiona kwa macho yao siku hizihizi. Ukikosa yote, vuta lenzi irudi 18, f/3.5, ISO 3200, sekunde 8, piga kuelekea upande husika na uikuze picha kwenye skrini. Nyota zitakuwa nukta. Iliyovimba na yenye ufagio ndiyo yako.

Hapo niseme jambo kuhusu utabiri, maana naona watu wanapanga safari za mwezi ujao. Kometi ISON ilisubiriwa kwa hamu mwaka 2013 na ikasambaratika ilipolipita Jua mwishoni mwa Novemba. Mwaka 2020 watu walikuwa wanaitazamia C/2019 Y4 ATLAS, ikavunjika vipande mwezi Aprili. NEOWISE, iliyogunduliwa Machi mwaka huohuo, ndiyo iliyokuja kupamba anga la Julai. Ikiwa kometi inaonekana leo na mbingu hazina mawingu, nenda leo.

Swali lako la darubini limejibiwa tangu mwaka 1858. Kometi ya Donati ilipopita, Mwingereza mmoja, William Usherwood, aliipiga picha tarehe 27 Septemba kwa lenzi ya kupigia picha za watu, f/2.4, akiacha wazi sekunde 7. Usiku uliofuata George Bond wa kituo cha Harvard akaielekezea darubini kubwa kwa dakika 6, akapata sehemu angavu tu iliyokizunguka kiini. Kwa kitu kilichotandaa angani, kinachoamua mwanga unaoingia kila pikseli ni namba ya f: ikiwa ndogo, mwanga ni mwingi. Urefu wa lenzi hauongezi kitu, na darubini nyingi zina namba kubwa ya f. Isitoshe, mkia wa kometi nzuri unaweza kufika digrii 10 au zaidi, na lenzi ya mm 400 kwenye kamera yako huona kipande cha digrii 3 na nusu hivi tu. Lenzi yako ikiwa kwenye mm 35 huona eneo la takriban digrii 37 kwa 25. Panatosha kometi, mkia, na mlima wa kuipamba. Siku utakayotaka kununua kitu, au kuazima, chukua lenzi ya mm 50 ya f/1.8. Ukiibana hadi f/2.8 ili nyota za pembeni zisiote mabawa, bado inaingiza mwanga mara 4 ya f/5.6 yako.

Unapopanga fremu, kumbuka mkia hukimbia Jua. Jioni, Jua likiwa limezama chini ya kometi, mkia unaelekea juu. Basi kichwa kiweke chini kwenye picha, uache nafasi tele juu yake, hata kama jicho halioni mkia unafika mbali. Kamera itauona. Mkia wa vumbi ni mpana, mweupe wa manjano, na hupinda. Wa gesi ya ayoni umenyooka, ni wa samawati, na mara nyingi huonekana kwenye picha tu.

Sasa fokasi, ambayo imeharibu picha nyingi kuliko mitikisiko yote ya stendi. Fokasi ya kujiendesha gizani hutangatanga, na alama ya ∞ kwenye lenzi usiiamini. Chagua kwanza urefu utakaotumia, 35 au 50, kwa sababu lenzi nyingi za kuvuta hupoteza fokasi ukiigusa pete ya kuvutia. Weka fokasi ya mkono, washa picha ya moja kwa moja kwenye skrini, elekeza kwenye nyota angavu au sayari. Zuhura au Mshtarii akiwepo, umepata bahati. Kuza mara 10. Nyota itaonekana kama sahani. Zungusha pete polepole: sahani inasinyaa, inakuwa nukta kali, nyota ndogo ambazo hukuwa unaziona zinachomoza kando yake, kisha nukta inaanza kuvimba tena. Lazima uone inavimba upande wa pili, ndipo ujue kwamba umepita penyewe, rudi taratibu. Kwa lenzi zenye namba ndogo ya f kuna dalili nyingine ninayoipenda: ukiwa upande mmoja wa fokasi, ukingo wa nyota huwa na zambarau, ukiwa upande wa pili huwa na kijani, na katikati rangi zote mbili hufifia. Ukipata, bandika utepe kwenye pete na usiiguse tena. Baada ya nusu saa kagua upya, kwani lenzi ikipoa fokasi husogea.

Zima kitulizi cha mtikiso, tumia taimu ya sekunde 2 au rimoti ili kidole chako kisitikise kamera, na weka picha za RAW, yaani ghafi, ambazo kamera haijazichakata. Wakati wa utusitusi anza na ISO 800 na sekunde 1 au 2. Giza likizidi, panda hadi ISO 1600 au 3200 na sekunde 3 au 4. ISO 6400 uliyotumia haikuongeza mwanga hata chembe. Ilipaza tu kilichokwisha ingia, ikapunguza nafasi ya rangi angavu kupumua. Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha kwenye skrini: mlima wake ukikaa kati ya robo na theluthi kutoka kushoto, uko salama. Ukiwa umegandamana ukutani kushoto, ongeza. Ukiwa katikati, anga limekuzidi mwanga, punguza.

Sasa zile picha nyingi. Ukirundika picha 16 za mahali pamoja, chenga (zile chembechembe za picha za gizani) hupungua mara 4. Ukirundika 64, hupungua mara 8. Hiyo ni hesabu ya kipeuo cha pili. Picha 64 za sekunde 4 ni dakika 4 na ushee za mwanga, mara 8 na nusu ya ule uliopata jana, na hakuna kijiti hata kimoja, kwa kuwa programu inazipanga nyota zikae juu ya nyota wenzake kabla ya kuchanganya. DeepSkyStacker na Siril ni za bure. Sequator nayo ni ya bure na inaweza kuiacha ardhi imetulia huku inapanga anga, kwa hiyo kwa picha yenye mlima au miti ningeanza nayo. Ukimaliza kupiga, funika lenzi na upige nyingine 15 au 20 kwa mipangilio ileile; hizo nyeusi zitaisaidia programu kuondoa pikseli zinazowaka zenyewe.

Kuna utata mmoja. Kometi haitulii kati ya nyota. Iliyo karibu na Dunia inaweza kuhama digrii 3 kwa siku, sawa na vile vipande vyetu 7 na nusu kwa dakika. Kwa lenzi yako, pikseli ikiona vipande 15, dakika 4 ni pikseli 2 tu, puuza. Kwa lenzi ya mm 200, pikseli moja huona vipande 4, na katika dakika 10 kometi imeshahama karibu pikseli 19. Ukipanga kwa nyota, kichwa kinakuwa uji. Ukipanga kwa kometi, nyota zinarudi kuwa vijiti. DeepSkyStacker ina mpangilio maalumu wa kometi: unabonyeza kichwa katika kila picha, nayo inashughulika na vyote viwili. Kazi hiyo inachosha, sikufichi, na ukiwa na lenzi fupi huihitaji.

Njia ya kurefusha sekunde bila vijiti ni kuizungusha kamera pamoja na anga, juu ya kifaa kinachofuata nyota. Wazo ni la zamani. Mwaka 1882 David Gill, kwenye kituo cha anga cha Rasi ya Tumaini Jema, alifunga kamera ya mpiga picha wa mtaani juu ya darubini iliyokuwa ikifuata nyota, akaipiga picha Kometi Kuu ya mwaka ule. Nyota zilizojitokeza nyuma ya kometi zilikuwa nyingi mno hata akaanza kupiga picha anga lote la kusini, kazi iliyozaa orodha ya nyota zaidi ya 450,000. Vifaa vya leo vinaingia kwenye begi, lakini vinataka kuelekezwa sawasawa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, na katika utusitusi hilo lina usumbufu wake. Kwa kometi ya jioni yenye dakika 35 tu za kazi, ningekuacha na stendi yako.

Simu inasaidia kama kometi ni angavu. Iweke kwenye stendi, tumia kamera yake kuu, kwa sababu ile ya kuvuta mara nyingi ina sensa ndogo na huingiza mwanga kidogo, na kuvuta kwa vidole ni kukata picha tu. Washa hali ya usiku pamoja na taimu. Ikiwa ina mipangilio ya mkono, jaribu ISO 800 hadi 1600 na sekunde 8 hadi 10. Kometi itakuwa ndogo, hivyo tafuta kitu kizuri cha mbele: mtu, mti, mnara.

Kwenye kompyuta, punguza kwanza mwanga wa taa za mji uliopanda kutoka chini. Siril ina zana ya kuondoa mandharinyuma isiyo sawa. Kisha inua vivuli kidogo kidogo hadi mkia ufike unapofika. Jihadhari na kitufe cha kuondoa kijani ambacho wapiga picha wa anga hukibonyeza kwa mazoea. Kichwa cha kometi ni cha kijani kweli, kwa sababu ya molekuli za kaboni mbilimbili zinazowaka kwa mwanga wa Jua, na zinavunjwa na mwanga huohuo kabla hazijafika mkiani. Ukiona mkia mzima wa kijani kwenye picha ya mtu, jua amezidisha chumvi.

Mwezi uangalie kwenye kalenda. Ukiwa hilali changa utakuangazia ardhi bila kudhuru. Ukikaribia kuwa mpevu, mkia utafifia. Umande ukianza kutanda kwenye kioo cha lenzi, usifute kwa shati. Vaa lenzi kingajua chake na izungushie kitu chenye joto kidogo.

Na kwa kuwa kometi ikilizunguka Jua huweza kuhamia alfajiri, ujue ratiba itageuka. Utaweka fokasi gizani kwa utulivu, kometi itachomoza chini kabisa, ndogo na hafifu, itapanda huku anga likianza kupauka, na dakika zako nzuri zitakuwa za mwisho badala ya za mwanzo. Hapo kuna hatari ambayo jioni hukuwa nayo: Jua linakuja nyuma ya kile unachokitazama. Weka kengele kwenye simu dakika 10 kabla ya macheo. Ikilia, ondoa jicho kwenye darubini na kitundu cha kamera, funika lenzi, ndipo uanze kukunja stendi.